Majibu ya Damu ya Karani wa Mabehewa

Binti wa maabara, Zilipa Ntakije,
kanisomea namba polepole, kama anasoma barua ya mahari:
lehemu mbaya, imeshuka. Lehemu nzuri, iko juu,
juu kuliko ya kijana.
Nikacheka. Nikaona mawese ya Mwandiga yamenitendea haki,
na migebuka, na miaka thelathini na mmoja
ya kutembea kando ya treni la mizigo
chaki nyuma ya sikio.

Yeye hakucheka.
"Mzee Bitaliho, wewe ulikuwa stesheni.
Mabehewa yakiwa mengi relini, ndiyo kusema mzigo umeshuka?"

Swali likanikata maini.

Maana niliwahi kuyaona mengi.
Mwaka ule winchi ya bandari ilipokufa
yalijipanga toka gatini hadi kona ya kuingia mjini,
lakiri hazijaguswa, unga ukiota ukungu ndani.
Mkaguzi akapita, akahesabu, akaandika:
Usafirishaji umestawi.
Na kule Uvinza chumvi ikingoja behewa tupu,
Kaliua tumbaku,
Tabora asali ikivuja kwenye madebe.

Zilipa akapasua boksi la glavu, akachora mgongoni mwake.
Hii seli ya ini, kasema. Ina nyuso mbili:
mmoja unatazama damu, mmoja unatazama nyongo.
(Kama stesheni yetu, nikawaza,
mbele reli, nyuma ziwa.)
Lehemu nzuri ni behewa dogo
lililozoa mafuta kwenye kuta za mishipa,
yale yanayoganda kama lehemu ya fundi redio.
Linafika. Kwenye ukuta wa seli kuna mlango unaolijua,
mlango wenye mfereji ndani yake.
Linaegesha. Mafuta yanapita.
Behewa linabaki nje.

"Halimezwi?"
"Lile baya ndilo humezwa, na magurudumu yake,
likasagwe huko ndani.
Hili linapakuliwa tu. Likikonda
linaachiwa, linarudi kuzoa tena."

Nilinyamaza kidogo kwa heshima.
Katika kazi yangu yote
sikuona gati lenye adabu hiyo.

Ndani, kasema, mafuta yanakatwa mkia yaliofungiwa;
mengine yanageuzwa chumvi ya nyongo,
mengine yanapenyezwa vivyo hivyo
kwenye kijilango cha upande wa pili.
"Nyongo?" Mimi niliyetumbukia nyongo
kwa ndugu zangu wawili kwa ajili ya shamba la michikichi,
mimi nilijua nyongo ni uchungu, basi.
"Nyongo ni njia ya kutokea," kasema.
"Na hata hivyo utumbo huiita irudi. Nyingi hurudi.
Kinachotoka kweli ni kidogo, kila siku kidogo."

"Sasa mimi?"

Akafunika kalamu.
"Namba hii inahesabu mabehewa njiani.
Haihesabu milango.
Huenda yako ni mizima, na wewe ni mzee mwenye bahati.
Huenda mingine imeshika kutu, ndiyo maana yamejipanga.
Tutapima vingine. Sitakudanganya kwamba najua."

Nimeshuka Maweni kwa miguu.
Sikwenda nyumbani; miguu ina mazoea yake.
Pale reli inapokoma, hatua chache kabla ya maji,
mabehewa yalikuwa yakiunganishwa kurudi Tabora.
Nikagonga la kwanza kwa kifundo cha kidole.
Tupu hulia. Lililojaa hunyamaza.
Likalia, likalia vizuri.
Kisha nikaingiza mkono chini ya koti,
ubavu wa kulia, chini ya mbavu za mwisho,
nikagonga mara mbili,
nikainamisha kichwa kusikiliza.

Kijana wa zamu kanitazama, daftari mkononi.
"Mzee," akauliza, "unatafuta namba ipi?"