Dakika Mbili Zisizo na Mwenyewe

Umeme umekatika Kiborloni, kompyuta imebaki na asilimia thelathini,
na programu bado inabisha hodi, mlango kwa mlango:
Hali gani? Hali gani?
Lango la Ndeshi limefungwa, la Kileo li wazi, saa inasoma sifuri. Salama.
Lango la Ndeshi linaomba, la Kileo halijajibu, saa inasoma mbili. Salama.
Hali elfu ishirini zimeitikia salama,
kama wagonjwa mbele ya daktari wasiyemwamini.

Nilichoiandikia ni kifupi, kinaenea nyuma ya risiti:
daima, malango mawili yasiwe wazi pamoja;
na anayeomba maji, hatimaye apate.
Nililipenda hilo neno, hatimaye. Lina sauti ya ibada.
Aikande akasoma begani kwangu, akacheka:
"Hatimaye ya lini? Maharage yanakauka Alhamisi."
Subira yavuta heri, sawa,
lakini ivute kwa dakika ngapi?
Nikafuta. Nikaandika: ndani ya dakika tisini.

Saa tatu na robo, kwenye hali ya elfu arobaini na moja na kitu,
programu ikasimama.
Haikupiga kelele. Ilipanga tu hatua saba, moja chini ya nyingine,
kama mtoto anayeeleza nani alianza:

Ndeshi anatuma: nimefunga, chukua.
Ujumbe unafika. Kileo anafungua.
Kileo anajibu: nimepata.
Jibu linapotea migombani.
Ndeshi anangoja, anangoja, muda wake unaisha.
Anadhani hakusikiwa, anafungua tena.
Malango mawili wazi.

Nikaisoma mara tatu.
Maana nilishawahi kuisikia, bila saa na bila namba,
mwaka ule wa ukame kule Uru, kwenye baraza la kata,
mmoja akiapa, "Niliita, hakuitika!"
mwingine akiapa, "Niliitika, hakusikia!"
na sisi tumekaa kwenye mabenchi tukimtafuta mwongo.
Mwaka wa sita sasa hawaombani chumvi.

Hakukuwa na mwongo. Kulikuwa na upepo,
na neno moja lililoangukia migombani.

Aikande anataka tuongeze jibu la jibu.
Namwambia nalo litapotea, na la kulijibu hilo pia,
masika itatukuta bado tunaitikiana.
Basi tumeacha kuitana.
Kila lango lina saa yake; zamu ikiisha linajifunga lenyewe,
lisikiwe, lisisikiwe.
Na kwa kuwa hakuna saa mbili zinazokubaliana kabisa
(ile ya juu huchelewa kwa baridi)
kati ya zamu na zamu tumeacha pengo, dakika mbili,
maji ya mfongo yakijipitia bila mwenyewe.

Asilimia nne. Programu imemaliza milango yote.
Imeandika: kosa halikupatikana.
Haikuandika: kosa halipo.
Najua tofauti. Nalipwa kwa ajili ya tofauti hiyo.

Kesho napanda Uru na karatasi yenye hatua saba.
Sijui nianze kubisha wapi.
Nikianza kwa Ndeshi, Kileo atauliza nani katangulia kuambiwa;
nikianza kwa Kileo, Ndeshi ataniona barabarani nikimpita.
Hilo sikulipima.