Zamu ya Nani?

Jumanne, saa nne asubuhi. Mvua ya Sheffield
inagonga dirisha kama mtu asiyetaka kuingia,
anataka kusumbua tu.
Ninakata kadi.
Mia moja na themanini, kwa wembe na rula ya chuma,
za kijani leo, maana zile za njano
chini ya taa ya baa zilionekana nyeupe
na watu wakaibiana bila kujua.

Mchezo ni wa kufua mashuka ya hospitali.
Usicheke.
Kila mchezaji ana mashine tatu, toroli moja
na usiku mmoja wa kumaliza.
Kazi hiyo naijua: Ijumaa hadi Jumapili
navaa sare na kulisukuma toroli lenyewe,
gurudumu lake la kushoto lina kwikwi,
nami kwikwi hiyo nimeitia kwenye sheria:
dadu ikitoa moja, umekwama.

“Watu hawapendi kukwama,” anasema Dilwyn,
dereva wa tramu mstaafu.
Kila Alhamisi hupanda ngazi za baa,
nusu glasi ya bia kwa saa tatu,
akauvunja mchezo wangu kwa adabu.
Wiki iliyopita alinunua sabuni tu.
Sabuni, sabuni, sabuni.
Hakufua hata foronya moja,
akatufunga kwa alama arobaini na mbili.
Nilipanda kilima kwa miguu nikihesabu:
sabuni ipande bei? Stoo iwe na kikomo?
Au wapo kweli watu wanaotajirika hivyo,
nami nimewachora bila kukusudia?

Nikafuta sheria ya saba.
Ya tisa, iliyokuwa imeiegemea, ikaanguka.

Mama kwenye simu, kutoka Tanga:
“Na mvi hizo, bado unacheza?”
Sichezi, mama. Natengeneza, wacheze wengine.
Kimya. Nasikia sufuria ikifunikwa.
“Basi ni kama kupika. Unaonja?”
Naonja mpaka ulimi umekufa ganzi.

Kampuni moja ya London iliandika: tumeupenda.
Ila mashuka, je, yanaweza kuwa majoka?
Nilijaribu. Jioni nzima nilijaribu.
Majoka hayakunjiki.

Na kijitabu cha maelezo, kurasa nane za Kiingereza!
Huko zamu ya mezani ina neno lake,
zamu ya kazini ina lake,
hayasalimiani.
Na alama zikilingana, tukatoka sare,
nani atajua kwamba neno hilo hilo
nimelivaa, lina doa la klorini kifuani?
Naandika hivyo hivyo, sentensi fupi, kavu,
kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni.

Jumamosi, saa tisa usiku, kantini.
Parveen amevua glavu. Nampangia ubao
kati ya chupa ya ketchapu na ratiba ya wiki.
Anacheza kama anavyofanya kazi, bila neno,
akipanga kadi zake pembe kwa pembe.
Dadu inatoa moja.
Toroli lake linakwama korido ya wodi ya wazazi.

Anaweka kidole chini ya kile kipande cha mbao,
anakiinua upande wa kushoto, anakisogeza mbele.
“Sheria hairuhusu,” nasema.
“Sheria haijawahi kulisukuma,” anasema.
“Unalipa goti. Wewe mwenyewe hulipa goti, nimekuona.”

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Mashine namba mbili ikapiga kengele,
tukaacha mashuka ya karatasi
tukaenda kwa yale ya maji.

Jumanne tena. Mvua ile ile.
Nakata kadi ya mia na themanini na moja:
*Goti. Mpe jirani yako aliyekwama.*
Bado sijui ina thamani gani.
Ila kisanduku kinabeba mia na themanini tu, basi.
Sabuni moja itabidi itoke.
Dilwyn atanuna.