Kistari

Karani wa mahakama, hapa Bukavu,
amelianika daftari dirishani.
Mvua ya mwezi wa tatu ilipenya bati
ikalamba wino.
"Jina lipo," anasema. "Mugisho Cirhuza.
Kosa: mbuzi. Siku ya kuingia, hii hapa.
Kifungo..." Kidole kinateleza,
kinatua penye weupe.
"Hapa sijui ni mvua, au hatukuandika."

Kinshasa waliomba hesabu, aliwapelekea.
Palipokosekana miaka, aliweka kistari.

Kistari!
Na mimi kwa ajili ya hicho kistari
nateremka Kadutu sufuria kichwani,
kila Jumanne, kila Ijumaa,
ugali na sambaza,
matope yakinivua kandambili.
Nyuma ya mlango wangu nimechora kwa mkaa,
mstari kwa kila sufuria:
mia nne na kumi na mbili.

Andika hiyo, nikamwambia.
Akacheka, halafu akaacha kucheka.
"Mama Nankafu, mkaa haufiki Kinshasa."

Jua limehama. Amelisogeza daftari,
amepuliza ukurasa wa mwanangu
taratibu, kama anayepoza uji.

Kesho Ijumaa.
Sambaza sijanunua.