Dakika Tatu za Sikudhani

Mwenyekiti amesema dakika tatu.
Nimezoea kupimiwa kwa kilo,
lakini haya, nitajibana.

Naitwa Sikudhani Pazi, wa Vingunguti, kule chini,
pale Msimbazi unapopinda ghafla
kama mtu aliyemwona anayemdai.
Nimekuja na mizani yangu ya kuning'iniza.
Mlinzi getini ameuliza kama ni silaha.
Nimemjibu: kidogo.

Kilo moja ni chupa hamsini na ushee.
Kilo moja leo ni shilingi mia tatu.
Bei ikishuka hatutangaziwi;
tunamwona tu mnunuzi anakohoa
kabla hajaitaja.

Masika iliyopita, saa nane usiku,
chupa ndizo zilizotangulia.
Ziligonga mlango, ko, ko, ko,
kama wageni wenye adabu.
Maji yakafuata bila hodi.
Yakachukua godoro, yakachukua unga,
yakachukua daftari la hesabu la mwanangu Zamda.
Nami juu ya meza, taa ya simu mkononi,
aibu yangu niiseme hapa hapa:
nilikuwa nazihesabu.

Rasimu yenu nimesomewa yote.
Ukurasa wa tisa unasema wananchi *watahamasishwa*.
Waheshimiwa, mimi nimeshahamasishwa.
Fulana za kuhamasishwa ninazo sita,
moja ina picha ya samaki analia.
Hakuna hata moja iliyozibua mtaro.

Niulize swali la dukani.
Nani hapa amewahi kuikuta chupa ya soda, ile ya kioo,
nzima, imelala mtaroni haina kazi?
Hakuna.
Kwa sababu ukienda kwa Mangi mikono mitupu
Mangi hakupi soda.
Chupa ile ina kwao. Inadaiwa. Inasubiriwa.
Basi ni nani aliyeamua
kwamba ya plastiki ni yatima?

Iandikeni hivyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka:
aijazaye chupa ailipie na safari ya kurudi.
Hamsini juu ya kila moja,
na hamsini hiyo imfuate
mkono utakaoirudisha,
uwe wa mtoto, uwe wa mlevi, uwe wangu.

Msiniambie haiwezekani.
Rambo tuliziacha. Mlisema mwisho Mei,
na Juni tukabeba nyanya kwenye vikapu,
tukanung'unika, tukazoea.
Sheria ilikuwa na meno siku ile.
Niliyaona.

Lakini sheria bila fungu, mabwana,
nakuja na methali ya kazini kwangu:
gunia tupu halisimami.
Lori la taka huja Jumanne.
Likikosa mafuta, Jumanne huhamia Ijumaa,
Ijumaa huhamia mwezi ujao,
na sisi elfu mbili zetu tumeshatoa,
risiti tumepewa,
na risiti nayo sasa ni taka.
Wekeni fedha ya kituo cha kuchambulia kila kata,
paa, maji ya bomba, glavu zinazonitosha,
mizani iliyopigwa muhuri
ili mnunuzi asiwe na kidole kizito.
Wekeni na jina la ofisa nitakayemfuata
nisipoviona.

Katibu amegonga kalamu mezani.
Najua. Namalizia.

Toka nimesimama nimehesabu, mnisamehe, ni mazoea:
chupa ishirini na mbili mbele yenu,
kumi na tatu zimeonjwa tu.
Mkiinuka, msizikanyage.
Nitazikusanya. Maji nitayamwagia lile ua lenu pale kona
linalokauka mkiwa mnajadili,
vizibo nitavitia mfuko wake.

Kisha nitazining'iniza hapa mlangoni
mzione wenyewe sindano inaposimama:
haitafika nusu kilo.

Nauli yangu ya kuja ilikuwa mia sita.