Makasha Elfu Nne

Lisemwalo lipo, husemwa.
Na katika mchezo wetu lilisemwa na kila mtu:
ukimwinamia mbweha wa jiwe kabla ya kufungua kasha
utapata manyoya ya fedha.
Waliotunga mchezo wamenyamaza. Kanuni wamezifungia
tusikofika.

Basi tukakubaliana, watu wanne, kuliuliza kasha lenyewe.

Tarmo yuko Oulu, hulinda ghala la karatasi usiku.
Raili, Kemi, mchana huchonga meno ya bandia.
Ilpo amestaafu udereva wa treni; vidole vyake
vimevimba viungo, baridi ikizidi havikunjiki.
Na mimi Rovaniemi, mshika daftari,
dirisha limeganda, jua la Novemba limeaga saa nane na robo mchana.

Kila mmoja makasha elfu.
Kabla ya kila kasha, rusha sarafu ya yuro moja
kwenye meza yako halisi, si ya mchezoni.
Wakitokea bata maji wanaoruka, inama;
ikitokea namba, pita umekauka kama gogo.
Usichague. Mkono unaochagua hujipendelea.
Andika papo hapo, hata ukipata kiatu kilichooza,
hasa ukipata kiatu kilichooza.

Wiki ya tatu Raili akanipigia simu usiku wa manane.
"Nimeiba," akasema. "Mara kumi na moja.
Ilitoka namba, nami nikainama.
Niliona vibaya kumpita bila salamu."
Hatukucheka. Tulifuta makasha yake yote,
mia sita na arobaini,
naye akaanza moja, usiku uleule, bila kunung'unika.

Jumla:
kwa kuinama, manyoya sabini na matatu.
Bila kuinama, sabini na sita.
Mbweha ni jiwe tu.

Ningefunga daftari hapo. Lakini safu ya Ilpo
ilitokeza kama jino lililoota pembeni:
yeye peke yake sitini na tano,
sisi watatu kwa pamoja themanini na manne.
Tarmo alinuna, akidhani mzee anatupiga chenga.
Tukamwomba atuonyeshe anavyocheza.
Tukakitazama kijitu chake kwenye kioo
kikitembea. Kikitembea tu.
Kitufe cha kukimbia kinataka kidole cha pili,
na kidole cha pili kinamuuma.

Mwenda pole hajikwai, ila methali si ushahidi.
Tukarusha sarafu upya: bata maji, kimbia; namba, tembea.
Hatua ishirini za mwisho, kisha kumi, kisha tano,
kisha juu tena kidogo,
kama mtu anayetafuta mwiba kwa ncha ya kidole,
mpaka tukagota kwenye saba.
Sita hazitoshi.

Nani aliziweka, na kwa nini saba, hatujui.
Ilpo alisema tu, "Miaka minne nilidhani nawachelewesha."

Raili alifungua kasha lake la mwisho alfajiri ya Jumapili,
nje nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Akaniuliza, sauti imemkauka:
"Umeandika? Umefunga?"
Nimefunga.
"Basi sasa naruhusiwa kumsalimu mbweha?"