Maneno Mia Tano

Fomu inataka maneno mia tano:
kwa nini sera za umma, na kwa nini sasa.
Saa nne usiku, Glasgow. Mvua imeegemea dirisha
kama mpangaji aliyechoka kupiga hodi.
Nimeandika, "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto,"
nikafuta. Utotoni, Korogwe, nilitaka kuuza vitambaa.

Mchana nashika simu idara ya nyumba.
Mwaka wa sita huu. Nawajua kwa kikohozi:
Bwana Dunlop wa ghorofa ya tisa, anayesema
kuvu imefika kwenye picha ya harusi, upande wa mke;
Mama Nyirahabimana, aliyehamishia kitanda cha mtoto
jikoni, anauliza kama ni kosa.
Nami nawasomea jibu lililo kwenye skrini:
fungueni madirisha, msianike nguo ndani,
siku ishirini na nane za kazi.
Aliyeliandika simjui.
Ana shahada, bila shaka. Hana namba ya simu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nimekilalia kwa sikio.
Je, yatosha, au lazima nijue na takwimu?

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
London, mwaka mzima: ada, pango, kazi hakuna.
Nikaikunja bahasha kabla ya kufika kwenye jumla.
Hapa hapa, miaka mitatu, jioni mbili kwa wiki,
na mwanangu Sudi atapasha wali wa jana
kila Jumanne na Alhamisi.
Inawezekana. Inachosha hata kuiandika.

Halafu barua mbili za mapendekezo.
Dokta Mhando alinifundisha Morogoro, miaka kumi na mitatu sasa;
nilimwandikia, nikaambatisha picha
asije akadhani mimi ni tapeli.
Akajibu mstari mmoja:
"Wewe ndiye uliyebishana nami kuhusu bei ya maji."
Sikumbuki. Nimefurahi kwamba nilibishana.
Morag, msimamizi wangu, alisema ataandika, ndiyo,
kisha akakitazama kiti changu kwa muda.
"Na simu atashika nani?"
Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si ada.

Mama naye, kutoka nyumbani: "Sera? Kwani unataka ubunge?"
Hapana, Mama. "Basi utakuwa nani?"
Nikasema, yule anayeandika
kile ambacho wengine wanasoma kwenye simu.
Kimya. "Haya, andika vizuri,"
akaniuliza huku vitunguu ni bei gani.

Sina hakika. Nimewaona waliokwenda
wakarudi na msamiati:
Bwana Dunlop akawa mdau,
kuvu yake ikawa changamoto.
Naogopa hilo kuliko kukataliwa.

Saa sita kasoro. Naanza upya:
"Kuvu imefika kwenye picha ya harusi, upande wa mke."
Maneno tisa. Yamebaki mia nne tisini na moja.

Chumba cha pili Sudi anakohoa.
Naacha kuandika, natega sikio.
Mara moja. Mara ya pili.
Nainuka kwenda kupapasa ukuta.