Uzito wa Jirani

Kila paa la Burj Hamud nimelifanya kijisanduku
ndani ya kompyuta: cheupe, bado; cha manjano, tayari.
Nikaandika kanuni, mistari kumi na minne:
ada ya jenereta, bei ya betri, idadi ya ghorofa,
kivuli cha jengo la kusini,
na herufi moja ndogo, J, uzito wa jirani,
yaani nikiona kwako kunawaka
mimi kutaniwasha kwa kiasi gani.

Nikabonyeza.
Miezi thelathini ikapita kwa dakika nne.
Umanjano ulianzia kwa Zaven, sonara,
ukaruka barabara, ukalidaka duka la viatu,
ukatambaa kama umbea:
huyu kaweka, na yule kaweka, sisi je?
Mwalimu wangu akatikisa kichwa: Safi.
Sasa nenda ukahesabu kwa macho.

Nilikwenda Agosti.
Juu ya vichochoro nyaya zilining'inia mafungu mafungu,
jenereta za mtaa zikikohoa moshi.
Paa la mia mbili na kumi na mbili
modeli iliapa: asilimia tisini na moja.
Ghorofa sita kwa miguu. Lifti ilikufa zamani.
Juu nikakuta tangi, kamba,
na Bi Vartuhi akianua shuka.

"Jua ninalo," alisema. "Tazama, limejaa tele.
Paa ndilo silo langu."
Mwenye jengo yuko Montreal. Hapokei simu.

"Na hizo za Zaven, huzioni?"
"Nisizione vipi? Saa kumi mng'ao wake
hunifuata mpaka jikoni."
Nikadhani ni wivu. Nikafungua daftari.

Akacheka. Akanishika mkono hadi dirishani:
waya mmoja mwekundu, umevuka uchochoro
kutoka kwa Zaven, umefungwa kwa soksi kuukuu,
unaingia ndani, unapita chini ya meza,
unaishia kwenye kijokofu cha kimo cha goti.
Insulini. Nusu limau. Basi.

"Sikumwomba," alisema.
"Alirusha ncha, nikaidaka.
Mara ya tatu. Mbili za kwanza zilianguka."

Nikabaki na kalamu hewani.
Paa jeupe, nyumba inawaka:
sikuwa nimeiandalia rangi.

Usiku umeme wa serikali ulikuja saa moja, ukaondoka.
Kwa chaji iliyobaki nikampa J thamani mpya,
sufuri nukta tatu, sufuri nukta saba,
na kila mara ramani iliitika vizuri,
na kila mara ilidanganya kidogo.

Mwishowe, pembeni mwa mstari wa tisa,
kwenye ile nafasi ambayo mashine huiruka bila kusoma,
nikaandika: *hapa pana waya.*

Yamebaki mapaa mia nne na matatu.
Kesho narudi.
Nitaanza na madirisha.